Maoni: Kasiksi inaharibiwa na haraka, si na ndizi

Kwa wale wenye ndugu Ulaya, picha hii si mpya. Ndugu anatuma kwenye WhatsApp picha ya kisanduku cha karatasi ngumu, na ndani yake chupa tatu ao sita za divai. Hakwenda kuzinunua dukani. Kila mwezi kampuni inakata pesa kwenye konti yake, kisha inamtumia chupa ambazo mara nyingi hakuzichagua yeye mwenyewe. Siku ya posho jioni anaita majirani wawili, anafungua chupa moja, na kila mtu anamiminiwa kidogo tu chini ya glasi. Wanatazama rangi. Wananusa. Wanaonja, wananyamaza kidogo, kisha kila mmoja anasema anavyofikiri. Mmoja wao anaandika kwenye kayee.

Huku Goma, Bukavu ao Minova, picha hiyo inachekesha watu. Mtu analipa kinywaji ambacho hajakiona! Na kikifika, anakionja kidogo kidogo kama mtoto anayepewa dawa! Wengine wanasema hayo ni mambo ya watu walioshiba.

Kicheko hicho kina sababu yake. Kwa familia iliyokimbia vita na inayolala watu wanane katika chumba kimoja, mazungumzo juu ya harufu ya divai ni kama matusi. Lakini ndani ya kile kisanduku kuna jambo moja ambalo wamama watengenezaji wa kasiksi wanalihitaji sana, na jambo hilo si divai. Ni wakati. Pesa inayofika mbele ya kinywaji inamnunulia mtengenezaji wakati wa kufanya kazi yake sawasawa. Kasiksi nyingi ya siku hizi inaharibika kwa sababu ya kukosa wakati huo. Haiharibiki kwa sababu ndizi ni mbaya, wala kwa sababu wamama hawajui kazi.

Pesa mbele, chupa nyuma

Desturi ya kulipia divai kwa kuungana si ya jana. Mwaka wa 1874, huko London, mapipa ya divai kutoka Ureno yalisahauliwa kwenye ghala la chini la jumba la Royal Albert Hall nyuma ya maonyesho makubwa ya kimataifa. Ili divai hiyo isipotee, watu waliitwa kula chakula cha mchana na kuionja. Kutoka hapo likazaliwa wazo la kuanzisha koperative: wanachama wananunua divai pamoja, na kila mwanachama ni mwenye mali. Koperative hiyo, The Wine Society, iko mpaka leo.

Miaka mingi nyuma, mwaka wa 2008, kampuni nyingine ya Uingereza inayoitwa Naked Wines ilianza kwa njia tofauti. Wateja wake wanaweka pesa kila mwezi kwenye konti yao ya kampuni. Pesa hizo zinasaidia kulipa watengenezaji wadogo wa divai mbele ya divai kuwa tayari. Mtengenezaji ananunua zabibu, analipa wafanyakazi, anangojea divai ikomae, akijua kwamba kuna watu wanaoingoja. Mteja naye anajua jina la mtengenezaji na mahali zabibu zilipotoka.

Si vyote vinavyong'aa katika biashara hiyo. Kuna watu wanaojikuta na chupa nyingi kuliko wanavyoweza kunywa, na kuna wengine wanaosumbuka kusimamisha malipo kwa sababu kampuni inaendelea kukata pesa. Hakuna sababu ya kuiga kila kitu. Lakini mpango wenyewe unaeleweka hata kwa mtu ambaye hajaonja divai maishani: anayekunywa anatangulia kulipa, anayetengeneza hakimbizwi na njaa, na kila mmoja anamjua mwenzake.

Kuonja ni desturi ya zamani

Wale wanaosema kuonja pombe nyumbani ni mambo ya wazungu wanasahau desturi ya wazee wao. Katika vijiji vingi vya Kivu, anayempa mgeni pombe anaonja yeye wa kwanza. Mgeni anaona kwa macho yake kwamba mwenyeji amekunywa na amebaki mzima. Hapo ndipo anapokea kibuyu ao glasi. Bila kuonja huko, mtu mwenye akili hakunywi, hata kama kiu inamuua.

Huko Ulaya watu wanaonja ili kutafuta utamu. Huku, kuonja kulikuwa njia ya kujibu swali moja: nani ametengeneza kitu hiki, na je, yeye mwenyewe anaweza kukinywa? Kijijini jibu lilikuwa rahisi. Kila mtu alimjua mama wa kasiksi, aliijua migomba yake, na alijua siku alipokamua. Kasiksi ikiwa mbaya, jina lake linaharibika kijiji kizima.

Mjini jibu hilo limepotea. Kasiksi inafika ndani ya bidoni ya manjano ambayo juma lililopita ilikuwa na kitu kingine. Anayeuza amenunua kwa mwingine, na huyo mwingine alinunua kwa mtu aliyeshuka kwenye boti ao kwenye lori. Ukiuliza imekamuliwa siku gani, unaambiwa: "Ni ya leo." Kila siku ni ya leo.

Kazi ya juma zima

Kwa wale waliozaliwa mjini, ni vizuri kukumbusha namna kasiksi inavyotengenezwa. Inaanza na ndizi za pombe zilizokomaa lakini bado ni za kijani. Zinafunikwa kwa majani ndani ya shimo lenye joto, ao zinawekwa juu ya jiko penye moshi, mpaka ziive. Hapo zinapita siku kadhaa, na kama baridi ni kali zinazidi. Kisha zinamenywa na kukandwa pamoja na nyasi safi mpaka maji yatoke. Maji hayo matamu ndiyo mutobe, ambao hata mtoto anakunywa. Yanachujwa, yanaongezwa maji kidogo, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanafunikwa mahali penye joto siku mbili ao tatu. Hapo sukari ya ndizi inageuka pombe.

Kwa hesabu ya jumla, kutoka ndizi ya kijani mpaka glasi ya kwanza, ni karibu juma moja. Na ikisha kuwa tayari, kasiksi haingoji. Siku chache tu na inaanza kuwa chachu kama siki. Ni kinywaji chenye saa yake: mbele ya saa hiyo kinauma tumbo, nyuma yake kinageuka siki.

Sasa mtazame mama aliyekimbia Masisi. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, familia nyingi zilirudi vijijini, lakini nyingine zilikuta nyumba zimeungua ao mashamba yana watu wengine, zikabaki mjini katika familia zinazowapokea. Mama wa namna hiyo alikuwa na migomba yake. Leo ananunua ndizi kwa deni. Mwenye deni anakuja siku ya tatu. Mwenye nyumba anamwangalia kila asubuhi. Watoto wanakula leo, hawakuli juma lijalo.

Mama huyo anajua vizuri kwamba ndizi hazijaiva. Anajua tangu alipokuwa msichana. Lakini hana siku sita. Anakamua ndizi ngumu, maji yanatoka machache, basi anaongeza maji ya bomba, anatia sukari ya dukani ili pombe isikose utamu, anatia hamira ya mikate ili ichemke upesi, na kesho yake asubuhi anauza. Mnywaji anashikwa tumbo usiku. Asubuhi anasema mbele ya watu: "Kasiksi ya wakimbizi si kasiksi." Neno hilo linatembea mtaani. Siku nyingine hata mama aliyetengeneza vizuri anarudi nyumbani na bidoni imejaa.

Haraka inaleta hasara ya pili. Mtu aliyechoka na kasiksi mbaya anakimbilia kanyanga ao pombe kali ya pakiti. Kanyanga inayochemshwa na kukusanywa kwenye mtungi bila ujuzi inaweza kubeba methanoli, sumu inayofanana na pombe kwa harufu na kwa ladha, na inayoweza kupofusha ao kuua. Ulimi hauitambui. Basi kasiksi ikipoteza jina lake, si wamama peke yao wanaopoteza. Vijana wanaokunywa mtaani wanaingia kwenye hatari kubwa kuliko ile ya kuumwa na tumbo.

Ufaransa ilipita njia hiyo

Kuna watu wanaofikiri kwamba divai ya Ufaransa imekuwa na heshima tangu dunia kuumbwa. Si kweli. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo aliyetoka Amerika, anayeitwa filoksera, aliingia katika mashamba ya kusini mwa Ufaransa na kula mizizi ya mizabibu. Alisambaa polepole mpaka akaharibu sehemu kubwa ya mashamba ya nchi. Dawa iliyofaulu ilikuwa kuunganisha mizabibu ya Ufaransa juu ya mizizi ya mizabibu ya Amerika, kwa sababu hiyo ilimvumilia mdudu.

Wakati zabibu zilipokosekana, watu hawakuacha kunywa. Wafanyabiashara walitengeneza divai kwa zabibu kavu, maji na sukari. Hata mashamba yalipopona, ujanja huo haukukoma, na bei ya divai ya kweli ikaanguka. Mwaka wa 1907 wakulima wa kusini, kwenye miji kama Narbonne na Montpellier, walijaa barabarani. Mwezi wa Juni wanajeshi walipiga risasi Narbonne na watu wakafa. Mwisho wa mwezi huo huo sheria ikapitishwa kupinga divai ya maji na sukari. Mwaka wa 1935 nchi hiyo ikaunda taasisi ya kulinda majina ya mahali divai inapotoka, na mwaka uliofuata majina ya kwanza yakatambuliwa.

Maandishi yale madogo kwenye etiketi, ambayo ndugu wa Bruxelles anayapiga picha, yametoka kwenye njaa, udanganyifu na damu. Hayakuwekwa kwa ajili ya uzuri. Yaliwekwa kwa sababu mkulima mwenye divai ya kweli alikuwa anakufa na njaa pembeni ya mfanyabiashara wa sukari na maji.

Kivu ina filoksera yake. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao wataalamu wanauita BXW, ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Kongo mwaka wa 2001, huko huko Masisi. Majani yananyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani zinaoza, na mgomba unakufa. Wadudu wanaotembelea maua wanaubeba kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na panga lisilosafishwa linafanya hivyo pia. Aina za ndizi za pombe ni kati ya zile zinazoshikwa upesi. Njia ya kuukinga inajulikana: kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kusafisha panga kwa moto ao kwa dawa ya kufulia, na kung'oa migomba iliyougua. Lakini kazi hiyo inaomba mkulima awe shambani kwake. Vita ikimfukuza miezi sita, ugonjwa hauna wa kuuzuia.

Basi ndizi zimepungua, barabara zina vizuizi, na bei imepanda. Hali hiyo ndiyo ilizaa divai ya maji na sukari huko Ufaransa. Hapa inazaa kasiksi ya maji na sukari. Huku hakuna serkali itakayopitisha sheria ya kasiksi kesho asubuhi. Lakini familia zinaweza kuanza bila kungojea sheria.

Likelemba ya kasiksi

Hakuna haja ya kampuni wala ya kisanduku cha karatasi. Watu wa Kivu wanajua likelemba. Wanajua pia vikundi vya AVEC, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo zinazoshikwa na watu watatu tofauti. Tena, tangu benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, watu wengi wamezoea kupitisha pesa kwa simu ao kuziweka ndani ya kikundi. Kulipa mbele kwa kuaminiana si jambo geni. Linalokosekana ni kulipeleka kwenye kinywaji.

Mfano ni huu. Familia 10 za mtaa mmoja zinakubaliana. Kila familia inatoa dola 3 kwa mwezi, ao kiasi kingine kinacholingana na bei ya ndizi sokoni. Hizo ni dola 30. Siku ya kwanza, mama mtengenezaji anapewa nusu, dola 15: ananunua ndizi za kijani bila deni, ananunua mtama, anaosha bidoni kwa maji ya moto. Siku ya kupeleka anapewa nusu ya pili. Kati ya siku hizo mbili hakuna anayemgongea mlango. Ndizi zinaiva kwa saa yake.

Ni vizuri wamama watatu wafanye kazi pamoja, si mmoja peke yake. Mmoja akiugua, ao akilazimika kukimbia tena, wengine wawili wanamaliza kazi. Na wamama wenyewe wanachagua nani anaingia katika kikundi, kwa sababu wao ndio wanajua nani anafahamu kazi.

Kila bidoni inabandikwa karatasi yenye mambo manne: nani ametengeneza, ndizi zimetoka wapi, imekamuliwa siku gani, na isinywewe kupita siku gani. Kama mama hataki jina lake lisomwe na kila mtu, na kuna wengi wenye sababu nzuri ya kutotaka, anaweka alama ambayo kikundi kinaijua: ua, nyota, ao herufi moja. Jambo la lazima ni kwamba kuwe mtu nyuma ya bidoni.

Familia isiyokunywa pombe, kwa sababu ya dini ao ya afya, inaweza kuingia pia. Yenyewe inapewa mutobe siku ile ile ya kukamuliwa, na kuumaliza siku hiyo hiyo mbele haujaanza kugeuka. Pesa yake ina uzito sawa na ya wengine, na mtengenezaji anaijua kazi hiyo pia.

Kayee jikoni

Kisha inabaki kuonja. Hapa desturi ya wale wa divai inafaa kufuatwa, kwa sababu haina gharama. Jioni moja, nyuma ya chakula, wakubwa wa nyumba wanakaa. Glasi safi, kinywaji kidogo. Wanatazama: kuna vitu vinavyoelea? Wananusa: ni harufu ya ndizi na mtama, ao ni ya siki? Wanaonja: bado ni tamu kama mutobe, ao imekuwa chungu? Ladha ya ndizi inabaki mdomoni, ao ni sukari tu? Asubuhi wanajiuliza mara ya mwisho: tumbo na kichwa viko namna gani?

Majibu yanaandikwa kwenye kayee, mistari miwili tu, na tarehe. Mwisho wa mwezi kayee zinasomwa mbele ya wamama watengenezaji. Na hapo kuna tofauti kubwa na kisanduku cha Ulaya. Kule, mnywaji anaandika kwa ajili yake mwenyewe ao kwa ajili ya rafiki zake. Huku maandishi yanarudi kwa aliyetengeneza. Mama anayesikia familia sita kati ya kumi zikisema "ilikuwa chachu" anajua kwamba aliiacha siku moja zaidi, ao kwamba bidoni haikuoshwa vizuri. Leo hakuna anayemwambia. Mnywaji ananyamaza, anahamia kwa mwingine, na mama anabaki kujiuliza kwa nini wateja wamepotea.

Wasiokubali

Wa kwanza kupinga watakuwa watu wa kanisa na wazazi waliochoka na ulevi. Wana haki ya kusema. Mwezi wa Januari 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho kinaweza kuitwa salama kwa afya. Kasiksi si dawa, na kuiita ya asili hakuiondolei pombe iliyo ndani yake. Mama mwenye mimba asiinywe. Mtoto asionjeshwe hata kwa mchezo. Nyumba ambamo baba anapiga watu akilewa haifai kuletewa bidoni kila mwezi. Hiyo ichukue mutobe, ao isiingie kabisa.

Lakini pombe iko tayari mtaani, kila siku, asubuhi mpaka usiku. Kinachopendekezwa hapa ni bidoni moja kwa mwezi yenye jina na tarehe, inayoonjwa nyumbani nyuma ya chakula mbele ya mke na majirani, badala ya vikombe visivyo na jina vinavyonywewa wakati wa njaa nyuma ya soko. Anayetaka kupunguza ulevi asianze na mama anayengojea ndizi ziive. Aanze na pakiti za pombe kali zinazouzwa kwa watoto wa shule.

Wa pili watasema: na kama mama akitoroka na ile nusu ya kwanza? Inaweza kutokea. Ndiyo sababu inatolewa nusu na si yote, na ndiyo sababu wamama wako watatu. Hasara ya familia moja ikitokea hivyo ni dola moja na nusu. Watu wamepoteza zaidi ya hiyo kwa kununua kasiksi ya "leo" ambayo ilikuwa ya juma lililopita.

Wa tatu watasema kwamba mkimbizi anahitaji unga, mafuta na dawa mbele ya kuzungumza juu ya kuonja. Ni kweli kwamba anavihitaji. Lakini msaada unakuja siku moja na miezi miwili hauonekani, na mama hawezi kuhesabu juu yake. Pesa inayojulikana itafika siku gani, hata ikiwa ndogo, inamwezesha kununua unga bila kuomba deni. Mkimbizi aliyekuwa na ujuzi kijijini hakuuacha njiani pamoja na vyombo. Anao bado mikononi. Kinachomkosesha ni siku sita za utulivu.

Mwezi mmoja wa kujaribu

Hakuna anayeombwa kuahidi mwaka. Familia 10, wamama watatu, mwezi mmoja. Ikishindikana, kila mtu anarudi kwenye desturi yake na hasara ni ndogo. Ikifaulu, mwezi wa pili mama anaweza kununua ndizi moja kwa moja kwa mkulima wa Kalehe ao wa Idjwi na kumwambia: juma fulani nitahitaji vikungu vitano, na pesa iko. Mkulima naye, akijua kuna mnunuzi, anapata sababu ya kutunza migomba yake na kukata maua ya dume.

Na siku ya kupeleka bidoni za kwanza, kuna jambo moja lisisahauliwe. Mbele ya mtu yeyote kumiminiwa, mama aliyetengeneza aonje yeye wa kwanza, akiwa amesimama mbele ya familia zote 10, kama ilivyokuwa kijijini. Asipotaka kuonja, kila familia ichukue pesa yake irudi nyumbani.